Kiuasumu: Dawa za Sumu ya Nyoka, kutoka Bonde la Rukwa hadi Vitabu vya Bara Hindi

Mkulima wa Ilemba aingiapo shambani kwake jua likichwa, wakati mpunga umekwisha kuinamisha masuke, anajua kwamba hayuko peke yake. Panya hufuata nafaka, na nyoka hufuata panya. Ilemba iko katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukingo mkali uitwao Lyamba lya Mfipa. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 800 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Sumbawanga, iliko hospitali ya mkoa, uko kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800. Tofauti hiyo ya mita 1,000 ni safari ya kupanda mlima, na wakati wa masika ni safari ya kupanda mlima katika matope. Ni tofauti ya nyoka vilevile. Koboko hapendi baridi ya uwandani. Hupenda joto la bondeni, pamoja na swila atemaye mate. Kifutu, mvivu wa kujitenga na njia, hupatikana bondeni na uwandani.

Basi mtu akiumwa, jamaa zake hukabiliwa na swali moja lisilongoja: apelekwe wapi? Zahanati yaweza kuwa mbali, na dawa ya sumu ya nyoka yaweza isiwepo. Mganga yuko jirani, anafahamika, na yuko tayari hata usiku wa manane. Kwa hiyo wengi huanzia kwa mganga, na aghalabu saa zinazopotea hapo ndizo zinazoamua kama mtu atapona, atakatwa mguu au atazikwa. Haifai kuwacheka watu hao. Linalofaa ni kuichukua kila dawa inayotumika na kuiuliza jambo moja tu: ikishaingia mwilini au kubandikwa kwenye jeraha, huifanya nini sumu yenyewe?

Sumu hufanya kazi gani

Sumu ya nyoka si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa protini nyingi, kila moja ikiwa na shabaha yake. Sumu ya koboko hushambulia mahali mishipa ya fahamu inapokutana na misuli. Baadhi ya protini zake huziba vipokezi vya asetilikolini, kemikali inayopeleka amri ya ubongo kwenye msuli. Nyingine huivuruga mishipa ya fahamu yenyewe ikamwaga kemikali hiyo ovyo. Kope za mgonjwa huanguka, ulimi huwa mzito, hushindwa kumeza mate, kisha misuli ya pumzi husimama. Moyo bado unapiga, lakini mtu hafi kwa moyo. Hufa kwa kukosa hewa.

Sumu ya kifutu huenda njia nyingine. Ina vimeng'enya vinavyokata kuta za mishipa ya damu na kuyeyusha nyama, hata mguu ukavimba, ukatoa malengelenge na kuoza. Ya swila nayo huua seli za ngozi na misuli mahali palipoumwa. Kimeng'enya kimoja kinachopatikana katika sumu za nyoka wengi huitwa fosfolipezi A2. Kazi yake ni kupasua utando wa seli. Msomaji alikumbuke jina hilo, maana litarudi.

Ili kitu chochote kistahili kuitwa kiuasumu, hapana budi kifanye mojawapo ya mambo machache: kiitoe sumu kabla haijaenea, au kiinase, au kiiharibu, au kiuzuie ule mlango wa mwili ambao sumu ilikusudia kuuingia. Mwanafunzi wa kemia anaijua mifano. Mkaa uliotayarishwa maalumu huzinasa sumu nyingi tumboni. Atropini huziba vipokezi vinavyozidiwa na asetilikolini pale mkulima anapodhuriwa na baadhi ya dawa za kuulia wadudu. Hata mwavi, ile sumu ya gome la mti waliyonyweshwa watuhumiwa wa uchawi katika nchi nyingi za ukanda huu, uliamua kesi kwa kanuni ya kwanza kati ya hizo: aliyetapika alihesabiwa hana hatia, na kwa kweli kutapika ndiko kulikomwokoa, awe na hatia au asiwe nayo.

Vitabu vya Bara Hindi

Ni nchi chache zilizoandika juu ya jambo hili mapema na kwa mapana kama Bara Hindi. Tiba ya kale ya huko, Ayurveda, imegawanywa katika matawi manane, na mojawapo, liitwalo Agada Tantra, ni elimu ya sumu peke yake: sumu za nyoka, za nge, za mbwa wenye kichaa, za mimea, za madini, na zile zilizotiwa katika chakula cha wafalme. Kitabu cha Charaka kina sura nzima ya tiba ya sumu inayotaja njia 24 za kumtibu mgonjwa. Kitabu cha Sushruta kimeitengea sumu sehemu yake kamili. Humo daktari anaagizwa kufunga kamba vidole vinne juu ya jeraha, kisha kuchanja, kunyonya, kuchoma kwa moto, kutapisha, na kumpa mgonjwa mizizi iliyotajwa moja moja.

Mtu aliyepata kuona mganga wa Ufipa, ambaye kwa Kifipa huitwa sing'anga, akimshughulikia aliyeumwa na nyoka atashangaa. Kamba ipo. Wembe upo. Kunyonya kupo, na unga wa mizizi unaosuguliwa katika chale upo. Si lazima kudhani kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Mtu yeyote anayeamini kwamba sumu hupanda kutoka jerahani kwenda moyoni atafikiri kuifungia njia, kuifungulia mlango wa kutokea, na kuifukuzia humo. Fikira hiyo ina mantiki. Kasoro yake ni ya vipimo. Meno ya kifutu mkubwa huingia zaidi ya sentimita moja ndani ya nyama, na sumu hutawanyika mara moja katika tishu na kusafiri katika majimaji ya mwili. Kinywa kinachonyonya juu ya ngozi hupata damu tu. Wembe huongeza jeraha katika mwili ambao huenda damu yake tayari imekataa kuganda. Nayo kamba iliyokazwa sana hufanya kosa kubwa kuliko yote: huzuia damu isifike mguuni, na kuifungia sumu inayoyeyusha nyama mahali pamoja. Miguu mingi iliyokatwa hospitalini iliuawa na kamba pamoja na nyoka.

Hata hivyo kutoka katika vitabu hivyohivyo ilitoka dawa moja ya maana, ila si ya nyoka. Mmea uitwao sarpagandha, Rauvolfia serpentina kwa jina la kisayansi, ulisifiwa tangu kale kwa nyoka na kwa wazimu. Mwaka 1952 wanakemia wa Uswisi walitenga kutoka mzizi wake kemikali iitwayo resapini, ambayo ilikuwa miongoni mwa dawa za kwanza za kisasa za shinikizo la damu na za maradhi ya akili. Sifa ya wazimu ilikuwa na ukweli; sifa ya nyoka haikuthibitishwa. Ndugu wa mmea huo anafahamika sana hapa nchini: ni msesewe, Rauvolfia caffra, ambao gome lake Wachaga hulitia katika mbege.

Mmea mwingine wa Kihindi, Aristolochia indica, una kisa cha kusikitisha. Una asidi ambayo katika maabara huizuia kweli fosfolipezi A2. Hapa basi mababu walikuwa wamegusa kitu halisi. Lakini asidi hiyohiyo huharibu mafigo na kusababisha saratani, na watu wengi duniani wameumia kwa kunywa dawa za mimea ya jamii hiyo. Kitu kuwa cha asili hakukifanyi kuwa salama. Sumu ya koboko nayo ni ya asili.

Jiwe la nyoka

Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na Kongo dawa inayoaminiwa kuliko zote ni jiwe jeusi. Kwa kweli si jiwe, bali ni kipande cha mfupa kilichochomwa pasipo hewa ya kutosha mpaka kikawa mkaa. Jeraha huchanjwa kidogo, jiwe hubandikwa, nalo hung'ang'ania. Husemwa kwamba linanyonya sumu, na kwamba litaanguka lenyewe likiisha kazi. Baadaye huchemshwa katika maziwa ili kulitapisha.

Jiwe hung'ang'ania kwa sababu mkaa wa mfupa una vitundu vingi vidogo vinavyofyonza damu. Damu ikiganda, jiwe huachia. Jambo hili lilitiliwa shaka zamani sana. Francesco Redi, tabibu wa Italia, alionyesha mwaka 1664 kwamba sumu ya nyoka ni yale majimaji ya manjano yapitayo katika meno yake, na baadaye katika karne hiyohiyo akayapinga mawe ya nyoka yaliyoletwa Ulaya kutoka Mashariki. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya jiwe hilo kwa panya waliodungwa sumu za nyoka. Halikuwasaidia.

Mbona basi watu hupona?

Hili ndilo swali ambalo mwalimu ataulizwa, na ni swali la haki. Mzee aliyewatibu watu 50 na kuona 48 wakipona hasemi uongo. Jibu limo katika hesabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, lakini wanaopata dhara la sumu ni kati ya milioni 1.8 na 2.7. Wengine huwa wameumwa na nyoka asiye na sumu, au na nyoka mwenye sumu ambaye hakuimwaga. Wanaokufa ni kati ya 81,000 na 138,000. Mwanafunzi akigawanya ataona kwamba katika kila watu 100 walioumwa, wanaokufa ni kama wawili hivi. Ni kweli kwamba baadhi ya walionusurika walitibiwa hospitalini, lakini hata tukilizingatia hilo, mtu anayewapa wagonjwa wake maji matupu atajipatia sifa kubwa kijijini.

Kwa sababu hiyo ushuhuda wa waliopona hautoshi kamwe. Yatakiwa makundi mawili yanayofanana, moja lipewe dawa na lingine lisipewe, na sumu iwe ya nyoka mmoja kwa kipimo kimoja. Jambo hilo haliwezi kufanywa kwa wanadamu bila ukatili, ndiyo maana hufanywa kwa panya wa maabara. Tangu mwaka 1974 kumekuwa na kitengo cha utafiti wa dawa za asili pale Muhimbili, ambacho mwaka 1991 kilifanywa kuwa taasisi kamili, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliwapa waganga nafasi inayotambuliwa. Mahali pa kuuliza maswali haya papo.

Zindiko na tiba

Kiswahili kina neno ambalo lingefaa kutumiwa zaidi darasani, nalo ni zindiko: dawa inayotangulia madhara. Tiba hufuata madhara. Waganga wa nyoka hutumia zote mbili, na wachunguzi wengi wamezichanganya.

Mfano wa kwanza ni upupu, Mucuna pruriens, ule mmea ambao kila mtoto wa shule anaujua kwa kuwashwa. Huko Nigeria watu humeza mbegu zake ili kujikinga na nyoka. Watafiti waliwadunga panya dondoo la mbegu hizo, na wiki kadhaa baadaye wakawapa sumu ya nyoka wa jamii ya Echis. Panya hao walistahimili kuliko wenzao. Sababu iliyoonekana ni kwamba protini moja ya mbegu ya upupu inafanana kidogo na protini za sumu hiyo, hata mwili uliozoezwa kupambana na ya kwanza ukaitambua ya pili. Hilo ni zindiko kwa maana kamili. Lakini aliyekwisha kuumwa hana wiki tatu za kungoja, na panya aliyedungwa sindano si mtu aliyemeza mbegu.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Katika Usukuma na Unyamwezi wapo wacheza nyoka waitwao Bayeye, ambao Hans Cory aliwaandikia makala mwaka 1946. Wanachama wao huchanjwa, na katika chale hutiwa dawa iliyochanganywa na vitu vya nyoka mwenyewe. Wasukuma wengi wamehamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao, hasa tangu miaka ya 1970 na 1980, kwa hiyo elimu hiyo nayo imeteremka hadi mbuga za Ilemba, ikakutana na Wafipa ambao kwao chatu ni mnyama wa mizimu. Je, chale za namna hiyo zaweza kumkinga mtu? Kwa kanuni, ndiyo: sumu kidogo kidogo kwa muda mrefu huufanya mwili utengeneze kingamwili. Kwa vitendo ni jambo la hatari na lisilo na hakika, kwani kipimo hakijulikani, sumu iliyokaushwa na kuunguzwa huenda imekwisha kuharibika, na kinga hupungua isipohuishwa.

Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyozaa dawa pekee iliyothibitishwa. Mwaka 1894 Césaire Phisalix na Gabriel Bertrand mjini Paris, na Albert Calmette kwa upande wake, walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu yaweza kumwokoa mnyama mwingine. Calmette, ambaye baadaye alifanya kazi mjini Lille, aliwazoesha farasi sumu polepole, akatoa damu yao, akatenga majimaji yenye kingamwili. Farasi alipewa zindiko. Mgonjwa akapata tiba. Mpaka leo dawa ya sumu ya nyoka hutengenezwa kwa msingi huo.

Calmette alikosea jambo moja. Alidhani dawa yake, iliyotokana na fira wa Asia, ingefaa kwa nyoka wote. Vital Brazil, tabibu wa São Paulo, alionyesha miaka michache baadaye kwamba sivyo: dawa huijua sumu iliyotumika kuitengeneza, na jamaa zake wa karibu tu. Kosa hilo limerudiwa katika siku zetu, si kwa ujinga bali kwa biashara. Dawa za Bara Hindi zinazotengenezwa kwa nyoka wa huko zimepata kuuzwa Afrika kwa bei nafuu. Huko Ghana, kwa mujibu wa uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008, hospitali moja ilipobadilisha dawa na kutumia nyingine isiyofaa kwa nyoka wa hapo, vifo vya walioumwa vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi 12.1. Chupa ilikuwa nzuri, lebo ilikuwa ya kisasa, sindano ilikuwa safi. Kasoro ilikuwa ndani. Mfamasia anayeagiza dawa hiyo kwa ajili ya Rukwa hana budi kusoma majina ya nyoka yaliyoandikwa katika karatasi yake, na kuhakikisha kwamba koboko, kifutu na swila wa Afrika wamo. Inayotengenezwa Afrika ya Kusini inawataja. Ni ghali, na yatakiwa kuwekwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, jambo ambalo kijiji kisicho na umeme wa uhakika hakiliwezi kwa urahisi. Dawa nyingine iliyosifika, Fav-Afrique, iliacha kutengenezwa mwaka 2014, na chupa zake za mwisho zikapitwa na muda Juni 2016. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa.

Mwezi Mei 2025 lilichapishwa jambo ambalo Bayeye wangelielewa upesi. Watafiti wa Marekani walichukua kingamwili mbili kutoka damu ya mtu aliyejidunga sumu za nyoka mbalimbali kwa miaka mingi, wakaziongezea kemikali iitwayo varespladibu, inayoizuia ile fosfolipezi A2. Mchanganyiko huo uliwakinga panya kikamilifu dhidi ya sumu za nyoka 13 kati ya 19 wa jamii ya koboko na fira, na kwa kiasi dhidi ya sita waliobaki. Nyoka wa jamii ya kifutu hawakuwamo, na binadamu bado hajajaribiwa.

Kwa sasa anayeumwa bondeni atulizwe, avuliwe pete na bangili, kiungo kilichoumwa kifungwe ubao kisitikisike, na achukuliwe mara moja kwenda panapotolewa matibabu. Asifungwe kamba ya kukaza, asichanjwe, asinyweshwe pombe. Aliyetemewa mate na swila aoshwe macho kwa maji mengi. Mganga aweza kuwa msaada mkubwa katika hayo, kwani yeye ndiye wa kwanza kuitwa, na mgonjwa humsikiliza kuliko mtu mwingine yeyote. Akiwa yeye ndiye asemaye "twendeni zahanati", hakuna atakayebisha.

Jaribio la darasani

Shule isiyo na maabara yaweza kulichunguza jiwe la nyoka. Uchukuliwe mfupa mkavu wa ng'ombe, utiwe katika kopo lenye kifuniko kilichotobolewa tundu dogo, uchomwe katika moto mkali kwa muda wa saa mbili, kopo lisifunguliwe mpaka lipoe. Mfupa ukitoka mweupe, hewa ilizidi, unatakiwa mweusi. Kipande kimoja kisagwe na kutiwa katika maji yaliyotiwa wino kidogo, kikorogwe na kuchujwa, na rangi ya maji ilinganishwe na ya maji ya wino yasiyotiwa mkaa. Kisha wanafunzi wachukue mnofu wa nyama mbichi, wadunge ndani yake wino kwa bomba la sindano, kina cha sentimita moja na nusu, wakate chale ndogo juu yake na kubandika kipande cha pili kwa muda wa saa nzima. Wakate nyama katikati, wapime kwa rula wino umeenea umbali gani na jiwe limefikia wapi.